Shibiri na Vidole Viwili

Fundi Bauma alinipima mikono kama mshona suti,
toka begani hadi kiganjani,
kisha akapima pengo lililobaki kati yangu na gido.
Shibiri moja, akasema, na vidole viwili.
Kumbe ndiyo tofauti, Musubao,
kati ya urefu wako na wangu.
Miaka kumi na minne ya ndoa
sikuwahi kuijua hesabu hiyo,
kwa sababu nilikaa nyuma.
Nyuma hakuna gido. Nyuma kuna mgongo wako,
koti lenye harufu ya petroli na sambaza wa kukaanga,
na lami inayokatika ghafla bila kuaga.

Pikipiki lenyewe unalijua. Jitu.
Refu, limelala chini, tangi kama sufuria ya harusi.
Ulilinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga duka,
Birere nzima ikacheka:
katika mji huu wa mawe ya mlima,
nani ananunua pikipiki la barabara laini?
Ukawajibu, lami itakuja.
Lami ilikuja nusu.

Basi tumelianza upya.
Bomba la lori la maji, Bauma kalipinda motoni
likatoka kama pembe za ng'ombe wa Masisi.
Nikakaa. Viwiko vikashuka, shingo ikalegea,
nikatazama kioo cha pembeni
na mle ndani nikaona uso wangu,
si kisogo chako.

Kiti ndicho kilichonishinda.
Sponji ya zamani ilikuwa na shimo.
Nimwambie nini fundi?
Kwamba shimo lile lina kimo, lina kilo, lina jina?
Nikasema, kata.
Akakata.
Akaweka safu tatu za godoro, na juu ngozi ya bandia
iliyoshonwa na yule mama wa Mabanga wa mikoba ya shule,
kwa uzi mwekundu,
maana mweusi ulikwisha.

Amotisa mbili zilivuka mpaka zikiwa ndani ya kitenge:
dola arobaini,
na tano za mtu aliyeangalia pembeni.
Egemeo tulilitoa kwenye jipu iliyopinduka.
Lina tundu la sigara. Nani alivuta, sijui,
ila kiuno changu humwombea.

Vijana wa motari wanapita kunifundisha.
Mama, weka muziki. Mama, weka taa za rangi.
Mama, uza.
Nimeweka kioo cha upepo. Kidogo tu,
cha kuzuia vumbi jeusi lisinijie mdomoni
siku nikitaka kusema kitu.

Kitu kimoja Bauma alikuwa tayari kukitupa:
mpira wa mkono wa kushoto,
uliolika pale kidole gumba chako kilipolala.
Huu umekwisha, Mama Katungu, ninazo mpya, ni jozi.
Nikamwambia, weka mpya kulia.
Aliniangalia.
Akakaza boluti, akafuta mikono kwa tambara,
na ule mmoja uliobaki
hakunidai.

Jana nimelitoa peke yangu, Katindo hadi Mugunga.
Mawe yalipita chini yangu
kama mazungumzo ya chumba cha pili,
nayasikia, hayanihusu.
Mgongo haukulia.
Mkono wa kulia ulishika kitu kipya kinachonata.
Wa kushoto uliteleza,
gumba langu likaingia katika bonde la gumba lako
na nafasi ikabaki.
Si shibiri. Nusu ya kucha.

Kesho narudi kwa Bauma.
Mkono wa breki
bado uko mbali.